Mhogo wa Kabatini

Bordesley Green, Birmingham
6 Novemba 2005

Mjomba wangu Idarous,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mkaza mjomba Raisa hajakuzuia vyakula vitamu vya sikukuu kwa kisingizio cha sukari. Sisi ni wazima. Idi huku imesaliwa siku mbili tofauti, kila msikiti na mwezi wake, kwa hiyo mimi nimewapaka watu hina siku nne mfululizo, na mgongo unanidai mpaka leo. Nasreen ametimiza miaka tisa. Kiswahili anakielewa chote, hasa nikiwa namsema, lakini jibu lake ni "I know, Mama", basi. Baba yake, Rashad, anakusalimu. Kampuni ya mabasi imempa likizo. Ni likizo ndefu kidogo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Simu sikutaka, maana simu yenu akiipokea mkaza mjomba anaiweka sauti ya juu, na nusu ya Wete inanijibu salamu.

Nina rafiki yangu. Rafiki huyo amekuta mmea ndani ya kabati la nguo, katika chumba kidogo cha juu, siku alipokuwa akitafuta sinia zake za hina. Usiniulize mmea unatafuta nini kabatini. Kuna taa kali humo ndani kama zile za kiwanja cha mpira kilicho nyuma ya mtaa wetu, zinajiwasha na kujizima zenyewe, na kuta zote za kabati zimebandikwa karatasi za kung'aa, zile za kufungia chakula. Mmea unanifika kiunoni. Alipoukuta ulikuwa umelegea kidogo tu, akaanza kuutia maji, na sasa unaumwa kweli, Mjomba. Majani ya chini yamekuwa manjano, ya juu yamelegea, yanatazama chini. Rafiki yangu alidhani ni kijicho, akaufukiza ubani na udi wiki nzima. Nafuu haukupata, ila sasa unanukia vizuri.

Wewe umetibu mimea maisha yako yote. Nisaidie nimsaidie. Na tafadhali, jibu kwa barua, na bahasha uigundishe vizuri.

Mpwa wako akupendaye,
Mwanamkasi


Wete, Pemba
28 Novemba 2005

Mpwa wangu Mwanamkasi,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai ambacho si changu, kwa hiyo mwenye posta ameshaikalia. Huku hatujambo. Mkaza mjomba wako amegombana na jirani kwa ajili ya mbuzi wake anayeingia kibarazani kwetu, na ugomvi umempa afya. Mimi ni mzima kabisa. Ila balbu za siku hizi hazina mwanga. Nimebadilisha ya ukumbini mara mbili na bado kiza.

Nimefurahi kusikia una rafiki, naye anapaka hina kama wewe, na sinia zake zinapotea kama zako. Mshikilie sana, watu wa kufanana hivyo ni adimu.

Sasa kazi. Miaka thelathini na moja katika Idara ya Kilimo sikuwahi kutibu mmea usio na jina. Mkulima akija kwangu analia mikarafuu yake inakufa, kwanza tunajaza fomu. Kilio baadaye. Basi na rafiki yako ajaze. Jina la zao. Umri wake. Unapata maji mara ngapi, kiasi gani, na anayeutia ni nani. Udongo ukiubonyeza ukoje. Joto la mahali. Wadudu. Na mwisho, jambo lisilo na mjadala, nataka sampuli. Chuma jani moja lililo gonjwa, lilaze katikati ya gazeti, likandamize kwa kitabu kizito wiki nzima, kisha litie katika bahasha unitumie. Ndivyo nilivyokuwa nikiletewa majani kutoka pande zote za Pemba, na sikukosea hata mara moja. Tuseme mara mbili.

Na Rashad? Kampuni gani hiyo inayompa dereva likizo kabla ya Krismasi, wakati watu wote wanataka mabasi? Mpe salamu zangu.

Mjomba wako,
Idarous


Birmingham
20 Desemba 2005

Mjomba wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Baridi imeingia, madirisha yanatoa jasho kwa ndani, na hita zinawaka asubuhi mpaka jioni. Nasreen amepata cheti skuli kwa kuimba. Rashad yupo. Nilimuuliza juu ya likizo, akasema, "Kwani wewe hutaki nipumzike?" Nikarudi jikoni.

Sampuli sitatuma. Sababu yake siiandiki. Wewe jaribu tu kumfikiria mtu wa posta akiifungua hiyo bahasha, kisha nifikirie mimi na baibui langu mbele ya polisi wa Birmingham, nikiwaeleza kuwa mjomba wangu anataka jani kwa ajili ya fomu.

Lakini sikukuacha mikono mitupu. Nimelichora. Nimekaa mbele ya kabati na kalamu yangu ya kujaribia maua ya hina na piko, nimelichora kwa ukubwa wake ule ule, juu ya karatasi ngumu. Litazame vizuri. Lina vidole saba, na kingo zake zina meno kama msumeno.

Fomu nimeijaza. Jina la zao, nimeacha wazi. Umri, Mungu ndiye ajuaye. Maji natia mimi, yaani anatia rafiki yangu, kikombe kimoja kila Ijumaa, Rashad akiwa msikitini. Kuna mtu huja kumchukua kwa gari, siku hizi hatembei kwenda. Udongo daima umelowa, ukibonyeza kidole kinatoka na tope. Nadhani udongo wa Kiingereza haukauki. Joto lipo la kutosha, hita iko ukutani karibu na kabati. Wadudu, vipo vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka juu ya chungu, havina adabu, vinaingia puani.

Mmea unazidi kudhoofika. Fanya haraka, Mjomba. Namuonea huruma rafiki yangu.

Mwanamkasi


Wete
25 Januari 2006

Mwanamkasi,

Samahani kwa kuchelewa. Idi Kubwa ilitukuta na wageni kumi na wawili, na mbuzi wa jirani amechinjwa, kwa hiyo mkaza mjomba wako hana wa kugombana naye isipokuwa mimi.

Nimelitazama jani. Kwanza nikusimulie kisa. Mwaka 1979 polisi walinifuata ofisini, wakanipandisha Land Rover, wakanipeleka shambani kwa bwana mmoja. Bwana yule alikuwa amepanda bangi katikati ya mihogo, mstari huu mhogo, mstari ule bangi, na maskini polisi hawakuweza kutofautisha jani na jani. Wakaniita mtaalamu. Tukang'oa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kwa hiyo mimi jani lile nalijua kwa kulishika, kwa kulinusa, na kwa kuumwa kiuno siku tatu.

Nasimulia tu. Sina ninalosema. Mhogo nao una jani la vidole saba, na mahali ulipoacha wazi katika fomu yako nimejaza: mhogo. Tangu leo tunatibu mhogo, na atakayesoma barua hizi asome.

Uchunguzi wangu ni huu. Juu ya jani nimeona njia nyembamba zinazopinda na kuzunguka, zinajikunja, zinarudi, zimejaa jani zima. Hiyo ni kazi ya funza anayeishi ndani ya jani, anakula huku akichimba. Sijawahi kuona mashambulizi makali namna hii. Chuma majani yote yaliyoathirika sana, uyatupe. Yaliyobaki yaoshe kwa maji ya sabuni, juu na chini, kila siku ya pili, kwa wiki mbili. Ukipata mwarobaini, utwange na uchanganye.

Rafiki yako asikate tamaa. Nimeokoa mikarafuu iliyokuwa mahututi kuliko hivyo.

Idarous, Bwana Shamba (mstaafu)


Birmingham
19 Februari 2006

Mjomba,

Salamu aleikum, na nitakuomba radhi mwishoni, si sasa.

Zile ni nakshi! Mjomba, zile njia zinazopinda na kujikunja ni maua yangu ya piko! Mimi mkono wangu haujui kuacha mahali patupu, nikimaliza kuchora kidole nakijaza, ndiyo kazi yangu tangu nina miaka kumi na tatu. Nimeosha mmea mzima kwa sabuni wiki mbili kwa ugonjwa uliotoka kwenye kalamu yangu mwenyewe. Mwarobaini nimeupata kwa Shantilal mwenye duka la dawa za asili, akaniuliza nina vipele? Nikasema ninavyo. Majani nimechuma kumi na moja. Sasa mhogo umebaki kama fagio.

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka machozi, kisha yale machozi yakaendelea na kicheko kikakoma. Mjomba, wewe uliyekuwa ukiona doa kwenye karafuu ukiwa barabarani, umeshindwa kujua ua la piko ambalo mama yangu alikupakia wageni wako wote? Na barua yako ya mwisho, herufi zake ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Balbu gani hizo?

Basi na mimi niseme langu. Rafiki hakuna. Kabati ni letu, na mmea kaupanda Rashad. Nilipoukuta nilidhani mume wangu amekuwa mvutaji. Nimenusa mashati, nimenusa mito, nimemnusa yeye mwenyewe akiwa amelala. Hakuna kitu. Lakini anaangusha vikombe. Anasali juu ya kiti. Tangu Oktoba analala sebuleni kwenye kochi, anasema ni mgongo, na choo kwa bahati kiko chini. Ngazi hapandi, sijamuona kuzipanda tangu wakati huo. Kila nikiuliza anasema, "Nimechoka tu, Mwanamkasi." Ameupanda huo mmea, kisha akashindwa kuufikia.

Ningeutupa. Ni haramu, na polisi wakija ni mimi na Nasreen tutakaoaibika. Mara mbili nimeushika shina niung'oe. Lakini ndicho kitu pekee alichokifanya mwaka huu kwa kutaka mwenyewe, na najiambia ukipona, naye siku akipanda akaukuta mzima, labda atanieleza alikuwa akiutakia nini. Ukifa, nitabaki na "nimechoka tu" mpaka lini? Nina hofu, Mjomba. Ninaishi na mtu ambaye simjui anaumwa nini.

Niwie radhi kwa maneno yangu ya mwanzo.

Mwanamkasi


Wete
14 Machi 2006

Mwanangu Mwanamkasi,

Umenikamata. Macho yangu yote mawili yana mtoto wa jicho, mwaka wa pili huu. Barua zako nazisoma kibarazani saa tano juani, kwa kioo cha kukuzia, neno moja moja. Mchoro wako niliona ni wingu lenye mistari, na kwa kuwa sikutaka kusema sioni, nikasema nimeona. Haya yote nilimficha mkaza mjomba wako, nisimtie wasiwasi.

Juzi nikaona aibu mbele ya barua yako, nikamwita nikamwambia. Unajua alinijibu nini? Aliendelea kuchambua mchele wake, akasema, "Nimejua tangu siku uliyomwamkia mbuzi wa jirani." Kumbe mwaka mzima kila nikipita yeye anatangulia kuviondoa viti. Na mimi nikijisifu kuwa nyumba yangu naijua kwa kichwa.

Nikakaa nikairudia fomu yako, safari hii kwa akili badala ya macho. Kikombe kimoja cha maji kwa wiki. Chumba kina hita, kabati lina taa kali. Mmea unaokufika kiunoni, ukiupa kikombe kimoja kila Ijumaa mahali pa moto hivyo, Jumatatu udongo unatakiwa uwe vumbi. Wewe unaniandikia tope na vijinzi. Hakuna udongo wa Kiingereza usiokauka, mwanangu, udongo ni udongo.

Mhogo wako hauna funza wala kijicho. Unazama. Mizizi inaoza kwa sababu unamwagiliwa na watu wawili, na kila mmoja anafanya siri. Nyumba yenu ina watu watatu. Nasreen angekuwa ameshakuuliza. Anayesemekana hawezi kupanda ngazi, anazipanda.

Dawa ni moja. Usitie tena hata tone. Wewe Jumamosi zote huwa kwa mabibi harusi. Jumamosi moja usiende. Panda juu mapema, kaa katika chumba hicho, usubiri. Atakapokuja usimkimbilie kwa maswali, mwache kwanza avute pumzi.

Idarous


Wete
18 Aprili 2006

Mwanamkasi,

Mwezi umepita. Simu nimekatazwa na wewe, na barua sipati. Nimepangiwa kupasuliwa jicho la kulia mwezi ujao. Ikiwa umefanya nilivyosema na mambo yameharibika, niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Mjomba


Birmingham
30 Aprili 2006

Mjomba wangu,

Assalaam aleikum warahmatullah. Nakuombea jicho lako, na mwambie mkaza mjomba kuwa namwonea wivu kwa jinsi alivyo. Sikukaa kimya kwa ubaya. Jumamosi mbili za mwanzo nilijidai sijaipata barua yako, nikaenda kwenye harusi zangu nikapaka watu maua yaliyopinda. Woga tu. Nilikuwa nataka kujua, na nilikuwa sitaki.

Jumamosi ya tatu nilimpeleka Nasreen kwa mwenzake, nikamuaga Rashad kama kawaida na mkoba wangu wa hina, nikafunga mlango wa mbele kwa kishindo nikiwa bado ndani, nikavua viatu, nikapanda juu. Nilikaa juu ya sanduku la nguo za baridi kiasi cha saa nzima.

Kisha nikamsikia. Hazikuwa hatua. Ilikuwa kishindo, kimya, pumzi, kishindo tena. Anakaa kwenye ngazi, anajisukuma kwa mikono, anapanda moja, anapumzika. Ngazi zetu ni kumi na tatu. Nilizihesabu zote, na kwenye ya tisa nilijiuma mkono nisitoke kumsaidia.

Mlango ulifunguka na yeye ameingia kinyumenyume, amekaa chini, chupa ya maji kaibana mapajani. Aligeuka akaniona.

"Leo hakuna bibi harusi?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Umejua lini?"

"Kabla ya Idi. Na wewe umejua lini kuwa najua?"

"Kabati lilikuwa linanuka udi mpaka nikapiga chafya," akasema. "Nani mwingine angefukiza?"

"Sasa mbona hukusema, Rashad?"

"Nilikuwa nangoja unifokee. Hukunifokea. Nikaona basi hutaki kusikia."

Basi nikamfokea. Miezi saba yote niliitoa palepale, nadhani hata Gurnam wa nyumba ya pili alisikia, maana alizima redio. Yeye alikuwa amekaa sakafuni anaitikia tu, "Ndiyo. Ndiyo, Mwanamkasi." Nilipoishiwa na maneno ndipo akaniambia. Ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wanauita MS. Aliambiwa Julai mwaka jana, alikwenda peke yake, na akarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu hakutaka dereva mwenzake yeyote amuone akilia ndani ya basi. Leseni ya basi alirudisha Septemba. Likizo haikuwepo. Mmea alipewa na mgonjwa mmoja waliyekaa naye kwenye foleni, akamwambia unalegeza miguu inapokaza. Hakuwahi kuuvuta hata mara moja. Alikuwa anausubiri upone kwanza.

Kumbe kampuni inajua, na anayempeleka msikitini anajua. Nikamuuliza kwa nini kila mtu alijua isipokuwa mimi. Akasema wengine wote wakijua haikuwa kitu, ila nikijua mimi ingekuwa kweli. Nililia, akalia, tukafuta nyuso kwa shuka moja ya wageni.

Mhogo umekufa, Mjomba. Ulikufa Jumanne iliyofuata, umeoza mpaka kwenye mizizi kama ulivyosema. Sitakudanganya, nilishukuru Mungu. Taa tumezizima, karatasi za kung'aa nimezibandua, na sinia zangu zimerudi kabatini. Sasa nakwenda naye kliniki, mimi ndiye ninayeuliza maswali na yeye ananikanyaga mguu ninyamaze. Wamempa vidonge vya kulegeza miguu. Siku nyingine vinasaidia, siku nyingine havisaidii. Kuna siku namwangalia naogopa kuliko nilivyoogopa nilipokuwa sijui. Lakini naogopa nikiwa naye.

Jana alisema amechoka na kochi, anataka kulala chumbani kwake. Nikataka kumshika mkono, akakataa, akasema ana namna yake. Basi nami nikakaa kwenye ngazi ya chini yake, tukapanda wote wawili kwa makalio, kinyumenyume, yeye akijisukuma na mimi nikimfuata, huku Nasreen amesimama chini kwenye mkeka anatupigia kelele, "What are you two doing?" Tulicheka mpaka ikabidi tupumzike kila baada ya ngazi mbili. Mazoea yakatupeleka moja kwa moja mpaka mlango wa chumba kidogo, pale ngazi zinapoishia, na tulipofika tukakumbuka kuwa hakuna tena cha kumwagilia. Rashad akaanza kugeuka kuelekea chumbani kwetu. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa. Tulibaki palepale juu ngazini, bega kwa bega, mpaka chai ikapoa huko chini.

Mpwa wako,
Mwanamkasi